Kinga ya Mwili si Antivirasi, Wala si Tangi la Kujazwa

Nilinyamaza wiki kadhaa kwa sababu ya kazi. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Wanaonijua wanajua kwamba nikikasirika huwa naandika mengi, kwa hivyo chukua chai kwanza :-)

Kisa chenyewe ni hiki. Mteja mmoja alinitafuta nimtengenezee programu ya simu. Anauza poda ya "kuongeza kinga". Mtumiaji anajibu maswali kumi (unachoka mara kwa mara? viungo vinauma? unapata mafua mara ngapi?), kisha mshale unacheza kama wa kipimo cha mafuta kwenye gari, halafu unasimama: "Kinga yako ni asilimia 43." Chini yake kuna kitufe chekundu: "Ongeza sasa." Unalipa kwa M-Pesa, unaletewa mkebe. Nilimuuliza hiyo asilimia inakokotolewa vipi. Akaniambia hesabu nitunge mwenyewe, mradi matokeo yasizidi 60. Na kwenye michoro aliyonitumia palikuwa na ngao ya buluu yenye maneno: "Antivirasi ya mwili wako. Isasishe leo."

Nilikataa. Siandiki haya ili nisifiwe, pesa nilizihitaji. Ila kabla ya kukataa nilichukua yale maswali kumi nikayajibu kama ambavyo angeyajibu rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Anachoka kila siku. Viungo vinamuuma. Kwa hesabu yoyote ambayo ningetunga, mshale ungemwambia kinga yake iko chini kabisa, aongeze. Sasa, rafiki yangu ana lupus. Ugonjwa wake ni kinga yake mwenyewe inayoshambulia ngozi, viungo na figo zake. Baadhi ya dawa anazomeza kazi yake ni kuituliza hiyo kinga. Programu yangu ingemwambia afanye kinyume cha anachoambiwa na daktari wake, tena kwa rangi nyekundu na namba isiyotoka popote.

Kwa hivyo leo nataka kupinga mambo mawili, na nayapinga mbele ya watu wa fani yangu, kwa maana sisi ndio tunaoyasambaza. La kwanza ni hii hadithi kwamba kinga ni antivirasi. La pili ni kwamba kinga ni tangi, likipungua unajaza.

KOSA LA KWANZA: ANTIVIRASI

Antivirasi ya kawaida tunaijua. Ina orodha ya alama za programu mbaya zilizokwisha kuonekana. Faili ikifanana na alama, inafungiwa. Adui akiwa mpya, orodha haina habari naye mpaka kampuni itume sasisho.

Mwili haungeweza kufanya hivyo. Binadamu ana jeni takriban 20,000 tu za kutengeneza protini, na vimelea hubadilika kila siku. Hakuna nafasi ya kuandika orodha ya maadui wote, na hakuna kampuni ya kutuma sasisho.

Unachofanya mwili ni jambo ambalo mhandisi wa programu angefukuzwa kazi kwa kulipendekeza: unabahatisha. Chukua seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kipokezi cha seli B kina sehemu nzito ambayo jeni yake huunganishwa kutoka vipande vya aina tatu. Tuna takriban vipande 40 vya aina ya V, 23 vya aina ya D na 6 vya aina ya J. Kila seli huchagua kimoja kutoka kila fungu. Piga hesabu: 40 × 23 × 6 ni 5,520. Kisha kwenye maungio, herufi za DNA huongezwa na kukatwa ovyo ovyo. Kisha kuna sehemu nyepesi ya kipokezi, nayo ina mchanganyiko wake. Ukizidisha yote unapata vipokezi vya namna mabilioni kwa mabilioni. Susumu Tonegawa, aliyeonyesha kwamba jeni hizi kweli hukatwa na kupangwa upya ndani ya seli, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Mpaka hapo unaona tatizo? Ukitengeneza funguo bilioni bila kuangalia, nyingine zitafungua milango ya nyumba yako mwenyewe. Seli inayotambua kimelea ambacho hakijawahi kuonekana duniani imetoka kwenye bahati nasibu ileile iliyotoa seli inayotambua insulini yako. Hili ndilo swali gumu la kinga. Kushambulia ni rahisi. Kazi ni kujua nani wa kuachwa.

Kwa seli-T, jibu linaanzia kwenye thimasi, tezi ndogo iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Watu waliidhani haina maana mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga na kuona kinga yao inavurugika. Seli-T changa huingia thimasi kama programu inavyoingia kwenye mazingira ya majaribio. Jaribio la kwanza: je, kipokezi chako kinaweza kusoma kabisa vitambulisho vya mwili huu? Ukishindwa, unakufa. Jaribio la pili: je, unashika protini za mwili huu kwa nguvu mno? Ukishika, unakufa, au katika hali fulani unageuzwa kuwa mlinzi wa amani, nitaeleza baadaye. Zaidi ya asilimia 90 ya seli zinazoingia hazitoki hai.

Na wewe mwandishi wa programu utauliza: thimasi iko kifuani, itajuaje protini za kongosho? Swali zuri! Kuna jeni inayoitwa AIRE. Ndani ya seli fulani za thimasi, AIRE huwasha jeni za viungo vingine, insulini ikiwemo, ili seli-T zijaribiwe dhidi ya nakala ya mwili mzima. Yaani ni mazingira ya majaribio yenye nakala ya data halisi. Watu waliozaliwa na AIRE iliyoharibika hupata ugonjwa ambao kinga yao huharibu tezi za mwili moja baada ya nyingine. Hawakuwa na uhaba wa askari. Jaribio moja liliondolewa, askari wasiofaa wakapita.

Wenzetu wa kompyuta walikwisha kulisoma somo hili. Mwaka 1994 Stephanie Forrest, Alan Perelson na wenzao walichapisha mbinu ya kugundua mabadiliko kwenye kompyuta kwa kuiga thimasi: tunga vigunduzi kwa kubahatisha, tupa kila kinacholingana na data yako halali, vilivyobaki viweke zamu. Hawakuanza na orodha ya maadui. Walianza na picha ya nyumbani.

Na ukitaka kuona antivirasi isiyojua nyumbani ni wapi, kumbuka tarehe 21 Aprili 2010. Sasisho la McAfee liliiona svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa ni kirusi. Likaiondoa. Kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Antivirasi ilikuwa imesasishwa, iko kazini, ina nguvu zake zote, na ndiyo iliyoua mashine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Haki itendeke: mwili una orodha fupi ya kudumu. Binadamu ana vipokezi 10 vya jamii ya Toll, na kila kimoja hutambua alama za jumla, kama vile kipande cha ukuta wa bakteria au RNA ya namna ambayo virusi huwa nayo. Lakini orodha hiyo haitaji majina. Kazi yake mojawapo kubwa ni kupiga kengele, na kengele hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye kosa la pili.

KOSA LA PILI: TANGI

Tuanze na vitambulisho. Karibu kila seli yako yenye kiini hubandika nje molekuli za MHC zilizoshika vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani. Ni kama kila nyumba kwenye ploti kulazimishwa kuweka dirishani mfano wa kinachopikwa jikoni. Seli-T zinapita zikitazama. Ikiwa ndani kuna kirusi, kipande chake kitaonekana dirishani na seli hiyo itauawa. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waligundua miaka ya 1970, wakiwa Canberra, kwamba seli-T husoma kipande na kitambulisho kwa pamoja. Walipata Nobel mwaka 1996.

Kirusi mjanja atafunga dirisha, yaani atazuia MHC isitokee. Hapo anakutana na seli za aina nyingine, wauaji wa asili, ambazo humshuku yule asiye na kitambulisho. Klas Kärre na wenzake walionyesha jambo hilo mwaka 1986. Na kimelea cha malaria kimepata kichochoro chake: kinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini na hazibandiki MHC hizo. Nyumba isiyo na dirisha.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, ndiyo inayoua habari ya tangi. Seli-T ikimwona adui dirishani HAISHAMBULII kwa hilo peke yake. Seli-T mpya inahitaji ishara mbili. Ya kwanza: kipokezi chake kimelingana na kipande. Ya pili: seli inayomwonyesha hicho kipande imesikia kengele ya hatari na inathibitisha kwa kugusa swichi iitwayo CD28. Ni kama M-Pesa: laini bila PIN haitoi pesa, PIN bila laini haitoi pesa. Seli ikipata ishara ya kwanza bila ya pili, mara nyingi huzimwa au hufa, kwa sababu pengine imeona kitu cha mwili wenyewe.

Je, mtu akiamua "kuongeza kinga" kwa kubonyeza CD28 moja kwa moja, bila kungoja ishara ya kwanza? Hatuna haja ya kukisia. Tarehe 13 Machi 2006, katika kituo cha utafiti kwenye viwanja vya hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wenye afya njema walidungwa dawa iliyoitwa TGN1412. Ilikusudiwa kutibu magonjwa kama baridi yabisi na aina fulani ya lukemia. Kipimo kilikuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili, mara 500 chini ya kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Muda mfupi baadaye walianza kuumwa kichwa, kutapika na kupata homa. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa wamelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vya ndani vikigoma. Walipona roho zao wote, lakini mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono.

Hiyo ndiyo kinga iliyoongezwa. Hakuna kimelea aliyewaingia. Ni seli zao wenyewe, zilizoambiwa "shambulieni" bila kuambiwa nani.

Hata baada ya thimasi na ishara mbili, mwili haujiamini. Una seli-T dhibiti, wale walinzi wa amani niliowataja, ambazo huzituliza seli nyingine. Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na wenzao wakaonyesha kwamba jeni ya FOXP3 ikiharibika, panya huugua vibaya, na watoto wa kiume hupata ugonjwa uitwao IPEX: kuharisha kusikokoma, ngozi kuharibika, kisukari tangu uchanga. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025. Ona basi: tuzo kubwa kabisa ya tiba imetolewa kwa kugundua breki.

Na breki zinaweza kuachiliwa makusudi. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kazi yao juu ya breki za CTLA-4 na PD-1, iliyozaa dawa za saratani zinazoziachilia seli-T zishambulie uvimbe. Dawa hizo zimeokoa maisha ya watu waliokuwa wamekata tamaa. Vilevile zinaweza kuufanya mwili ushambulie utumbo, ini, tezi ya shingo, hata moyo, ndiyo sababu hutolewa na madaktari bingwa wanaompima mgonjwa kila mara. Kwa hivyo kuongeza kinga kwa kweli kupo. Hakuuzwi kwenye mkebe wenye picha ya tangawizi.

TULIPATAJE WAZO LA TANGI?

Nadhani sisi wa Afrika Mashariki tulilipata kwa njia ya uchungu. Wengi wetu neno kinga tulilisikia kwanza ndani ya neno UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Tulikua tukisikia watu wakiulizana kwa minong'ono, "CD4 yake ni ngapi?" Hapo kinga ilikuwa namba kweli, na namba ikishuka mtu alikuwa hatarini kweli. Tukahitimisha kwamba kila ugonjwa ni namba kushuka na kila tiba ni namba kupanda.

Lakini hata huko, kilichowainua watu hakikuwa kijazio. ARV haziongezi kinga. Zinamzuia kirusi asizaane, na mwili, ukiachwa kupumua, unajirudishia seli zake wenyewe. Waliouziwa "vya kuongeza kinga" wakaacha ARV walikufa. Tusijifanye tumesahau.

Chanjo nazo je? Chanjo ni somo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, huionyesha kinga ya mtoto kipande cha protini ya kimelea kimoja. Na pamoja na kipande hicho huwekwa kiamshi cha kupiga ile kengele. Ishara ya kwanza na ishara ya pili, kwa adui mmoja anayejulikana. Linganisha na poda inayodai kupandisha kila kitu dhidi ya kila kitu.

Mfano mwingine wa hapa kwetu: mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa streptokoka, hatibiwi, wiki chache baadaye kinga iliyojifunza kumpiga bakteria huyo inapiga na vali za moyo, kwa kuwa protini zao zinafanana. Hiyo ni homa ya rumatiki, na watoto wetu wengi wamebaki na moyo mbovu kwa ajili yake. Mtoto huyo hakupungukiwa kinga. Alihitaji penisilini mapema, kinga yake isipate muda wa kukosea.

UTANIAMBIA...

"Lakini lishe inasaidia kinga." Ndiyo, na sipingi. Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyekosa vitamini A au zinki, kinga yake hudhoofika, na kumrudishia alichokosa kunamsaidia. Huko ni kuziba pengo. Aliyekwisha kula maharagwe na sukuma hajengi jeshi la pili kwa kula mara mbili.

"Poda ni mitishamba tu, haimdhuru mtu." Kama haifanyi kitu, unauza uongo. Kama kweli inafanya ilichoandikiwa, mtu mwenye lupus, au aliyewekewa figo ya ndugu yake, asiisogelee. Chagua moja.

"Wewe ni mtu wa kompyuta, haya ya biolojia yanakuhusu nini?" Yananihusu kwa sababu ule mshale ungeandikwa nami. Daktari hangeuandika. Muuzaji hawezi kuuandika. Namba ya uongo kwenye skrini inahitaji mtu mmoja anayejua kuandika msimbo, na watu wanaiamini skrini kuliko wanavyomwamini mchuuzi wa stendi, kwa kuwa wanadhani nyuma yake kuna hesabu. Sisi tunajua nyuma yake kuna nini. Kuna mstari mmoja wa kubahatisha namba kati ya 30 na 60.

Hivyo ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Ukiletewa kazi ya namna hii, uliza swali moja tu: hii namba inapimwa na nini? Ukikosa jibu, usiichore. Na ukiwa msomaji wa kawaida, siku skrini ikikwambia kinga yako ni asilimia 43, iulize: kinga dhidi ya nani, na nani ataachwa?

Rafiki yangu alisoma makala haya kabla sijayaweka hapa. Alicheka kidogo tu, kisha akanionyesha simu yake. Mtu wa kanisani kwao alikuwa amemtumia tangazo la poda. Si ya mteja wangu, ni ya mwingine. Ngao ilikuwa ya kijani.

Wiki ijayo tutarudi kwa mambo ya hifadhidata, nilikwisha kuahidi. Kwaherini kwa sasa.